Kipande cha Tatu

Binti alirudi nyumbani saa sita mchana siku ya Jumatano, na kwa mtu wa zamu ya kutwa hiyo si saa ya kurudi nyumbani. Alikuwa bado na aproni ya kazini, nywele zimefungwa kitambaa, na kwapani amebana sufuria mpya ya alumini iliyozungushiwa gazeti. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi sebuleni, alikuwa amezungukwa na sare za shule zisizo na vifungo. Aliondoa mguu kwenye pedali.

"Kulikoni?"

"Nimesimamishwa kazi."

"Kwa lipi?"

"Sufuria mia mbili na arobaini zimeharibika kwenye presi yangu ndani ya siku tatu. Wanasema naweka bati kombo. Wanasema napaka mafuta kibahili. Ijumaa wanakaa kikao, na meneja ameshasema, kosa likiwa langu nifunge virago."

"Na hiyo sufuria?"

"Msimamizi kanipa mbele ya wenzangu. Kasema, kampelekee Milimita aone kazi ya mwanawe."

Mama hakupiga kelele. Kupiga kelele kunataka nguvu, na zake alikuwa amezimalizia kwenye mashati arobaini tangu alfajiri. Alivuta kiti kwa mguu, binti akakaa, wakabaki wanaitazama ile sufuria. Ukingo wake ulipaswa kuwa sawasawa mzunguko mzima. Haukuwa. Ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, mara nne. Kiwandani huyaita masikio. Ukiyakata ili ukingo ulingane na mabonde, sufuria inakuwa fupi kuliko kipimo, na sufuria fupi haiuziki.

Milimita ndiye baba wa nyumba hiyo. Kwa miaka ishirini na moja amekuwa mpimaji wa mabati kiwandani humo, na jina alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "karibu" au "kama hivi." Ukimwuliza saa anakwambia na dakika zake. Ukimtilia sukari anajua kijiko kilijaa au kilipunjwa. Mkewe alilichukulia jina hilo kama mzaha; bintiye alikua nalo kama adhabu, maana hata mstari wa daftari la shule ulisahihishwa nyumbani kabla mwalimu hajauona. Na ni Milimita huyo huyo aliyekwenda kusimama mlangoni kwa meneja, kofia mkononi, kumwombea binti kazi ya presi, mashine inayokandamiza duara la bati mpaka liwe sufuria. Ndiyo maana msimamizi hakusema sufuria ipelekwe kwa mama.

Milimita aliingia saa kumi na moja na robo, kama kawaida yake. Habari alikuwa ameshazipata. Alinawa, akala, akamaliza. Halafu akaivuta sufuria na kuizungusha mezani kwa kidole.

"Mafuta ulipakaje?"

"Kama ninavyopaka siku zote."

"Na katikati?"

"Niliweka katikati, Baba. Pale pana vigingi vitatu, duara la bati likikosa katikati halikai. Hata wewe unajua."

"Najua."

"Basi labda ni bati lenyewe. Hii shehena mpya siielewi, presi ikishuka bati linalia. Uliipima wewe?"

"Niliipima."

"Ikawaje?"

"Ilikuwa sawa. Nimetia sahihi."

Alisema kwa sauti yake ya kazini, ile isiyopanda wala kushuka. Hapo mazungumzo yakafa, maana kama bati ni sawa na presi ni sawa, kinachobaki ni mkono wa mtu. Binti aliinua vyombo akaenda kuviosha. Aliviosha kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili.

* * *

Aliyekataa kuamini hivyo ni mama. Alichomoa tepu shingoni, akaupima ukingo wa sufuria pande zote, akaandika kwa chaki kwenye meza yake ya kukatia.

"Bwana wewe, hebu njoo. Mtu akiweka kitu kombo, si upande mmoja unakuwa mrefu na wa pili mfupi?"

"Ndiyo."

"Hii ina vilima vinne na mabonde manne, na vyote vimelingana. Mwanao ana mkono gani huo wa kukosea mara nne kwa hesabu?"

Milimita aliitazama ile chaki. Mkewe akaokota kipande cha kitambaa cha sare sakafuni.

"Mimi mabati siyajui. Kitambaa nakijua. Ukikivuta hivi kwa urefu, hakiendi. Ukikivuta hivi kwa upana, hakiendi." Akashika pembe mbili zinazotazamana, akavuta, na kitambaa kikarefuka mikononi mwake. "Kimshazari, unaona? Sasa bati nalo si limepitishwa kwenye marola huko lilikotengenezwa, likavutwa njia moja? Haliwezi kuwa na upande wake?"

"Lina upande wake," alisema Milimita. "Ndiyo maana tunapima vipande vitatu. Kimoja tunakikata kwa urefu, njia lilikopita kwenye rola. Cha pili kwa upana. Cha tatu kimshazari. Tunavivuta kwenye mashine, tunaangalia kila kimoja kimepungua upana kiasi gani na unene kiasi gani. Vikifanana, bati linafaa. Visipofanana, litatoa masikio."

"Basi hicho cha mshazari kilisemaje?"

Milimita aliinuka, akasema kichwa kinamwuma, akaenda kulala kabla ya saa moja.

Ukweli ni kwamba kipande cha mshazari hakikukatwa. Kilikuwa hakijakatwa kwa miaka minne. Palikuwa na kibao cha chuma kilichoshikilia bati kimshazari chini ya mkasi mkubwa, na siku kilipovunjika Milimita aliandika barua ya kuomba kingine. Aliandika ya pili. Ya tatu alijibiwa kwa mdomo kwamba avumilie. Bila kibao ilibidi akate kwa msumeno wa mkono, kisha anyooshe kingo kwa tupa, saa nzima kwa kipande kimoja, huku msimamizi akichungulia mlangoni kila baada ya dakika kumi kuuliza kama bati limepita au halijapita. Siku moja, amechoka, aliitazama namba ya urefu na namba ya upana, akaona zimekaribiana, akachukua wastani wake na kuujaza kwenye safu ya tatu ya daftari la vipimo. Hakuna aliyeuliza. Mara ya pili mkono haukusita. Na wastani ni kitu cha adabu, haugombani na namba zilizouzaa, kwa hiyo mabati yote yalipita, meneja akafurahi, na mtu asiyewahi kusema "karibu" akawa anaisema kila wiki kwa maandishi.

Mabati yenyewe yangeendelea kuwa mazuri, siri hiyo ingestaafu naye. Lakini shehena hii ilitoka kwa muuzaji mwingine, wa bei nafuu, na upande wake mbaya ulikuwa palepale ambapo Milimita hakutazama.

* * *

Alhamisi alifika chumba cha vipimo kabla ya king'ora. Aliokota masalio ya bati la shehena ile, akachora mstari wa mshazari, akalibana kwenye jiliwa, akashika msumeno. Nyonga ilimwuma. Katikati ya kazi alisimama mara mbili kupumua, jambo ambalo miaka minne iliyopita halikuwapo. Alipomaliza kukata alipitisha tupa kwenye kingo mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, ndipo akakitia kwenye mashine na kukivuta.

Mikromita aliyopimia unene wa bati ilikuwa yake mwenyewe. Ya kiwanda ilipoanguka ikapinda, miaka kumi na tisa iliyopita, alinunua nyingine kwa fedha yake, na kila asubuhi huifuta midomo kwa kipande cha karatasi safi, huifunga taratibu, na kuangalia kama inarudi sifuri. Asubuhi hiyo ilirudi. Alipima kipande chake mahali patatu. Kilikuwa kimenywea ubavuni na unene wake umepungua kidogo tu.

Kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa pameandikwa hivi, upungufu wa upana ukigawanywa kwa ule wa unene: urefu, nukta sita mbili, upana, nukta sita sita, mshazari, nukta sita nne. Namba aliyoipata sasa ilikuwa moja nukta mbili tisa. Ilikuwa maradufu ya ile aliyoitunga. Alikata kipande kingine ili asijidanganye, akapata moja nukta tatu moja. Alikaa. Alijua sasa kwa hakika kwamba mwanawe hana kosa, na alijua kosa ni la nani, na hakuna kati ya mambo hayo mawili lililomshangaza. Alikuwa ameyajua tangu kitambaa kilipovutwa mezani.

"Unapima nini tena?" Msimamizi alikuwa mlangoni. "Hiyo si shehena uliyokwisha kupitisha?"

Milimita alimwachia asome mwenyewe. Msimamizi hakuwa mjinga. Alisoma, akatazama daftari, akafunga mlango nyuma yake.

"Nisikilize. Muuzaji anarudishiwa bati ambalo halijatiwa sahihi. Hili umelitia. Ukilitangaza leo kuwa bovu, meneja hatamkamata muuzaji, ataukamata mkono uliosaini."

"Na binti yangu?"

"Binti yako ana miaka ishirini na mitatu. Atapata kazi pengine. Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na sita na miezi minne."

"Umeona? Hata miezi unaijua. Nani atakuajiri?" Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya. "Kesho kaa kimya. Mimi nitaomba apewe barua nzuri ya kuondokea. Hilo naweza."

Alipotoka, Milimita alivitia vile vipande viwili kwenye mfuko wa shati. Kwenye daftari hakuandika kitu.

Jioni hiyo alimkuta binti amekaa karibu na mama yake, anashona vifungo. Alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kuonekana ana faida. Milimita alipovua viatu, binti aliweka shati chini.

"Baba, nisamehe. Uliniombea kazi, nami nimekutia aibu mbele za watu."

Milimita alitaka kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akaingia ndani, na huko ndani aliketi kitandani na viatu mkononi, akijichukia.

* * *

Ofisini kwa meneja palikuwa na viti vitatu. Meneja alikaa, msimamizi akakaa, na Milimita akaambiwa akae kwa kuwa ni mtu mzima. Binti alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, mama alilipiga pasi asubuhi kana kwamba mikunjo ndiyo ingemfukuzisha.

"Sitaki maneno mengi," alisema meneja. "Presi imekaguliwa, haina tatizo. Bati limepimwa na baba yako mwenyewe, ambaye kiwanda kizima tunamjua. Ushahidi huu hapa. Chukua usome, usije ukasema umeonewa."

Binti alilipokea daftari kwa mikono miwili. Alisoma mstari wa shehena ile. Alipoumaliza hakuinua kichwa, alisoma wa juu yake, kisha wa juu zaidi. Akafunua ukurasa wa nyuma, na mwingine. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo.

Milimita aliijua midomo hiyo. Binti alipokuwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyemfundisha wastani kwa vifungo vya mama yake: sita huku, kumi huku, changanya, gawa pasu kwa pasu, upate nane. Hata siku zile binti alihesabu kwa midomo hivyo hivyo. Sasa alikuwa anachanganya na kugawa, mstari kwa mstari, wiki kwa wiki, na kila mara anapata jibu ambalo tayari lilikuwa limeandikwa.

Binti aliinua macho akamtazama baba yake. Angemtazama kwa hasira, Milimita angejua la kufanya. Alimtazama kama mtu aliyemfumania mkubwa wake anaoga, akageuza uso upesi. Alifunga daftari, akaliweka mezani, akalinyoosha lilingane na ukingo wa meza.

"Sina la kusema."

"Unakubali kosa ni lako?"

"Nakubali."

"Anadanganya," alisema Milimita.

Hakuwa amepanga. Alivitoa vile vipande mfukoni, akavilaza mbele ya meneja. "Safu ya tatu, Meneja. Chukua namba ya kwanza na ya pili, jumlisha, gawa kwa mbili. Mstari wowote unaoutaka."

Meneja alichukua kikokotoo. Alifanya mstari mmoja, akafanya wa pili, akafungua katikati ya daftari akafanya mingine mitatu. Msimamizi alikuwa anasoma kalenda ukutani.

"Tangu lini?"

"Miaka minne na wiki sita. Tangu kibao kilipovunjika. Barua zangu zimo kwenye faili lako."

"Usiniletee habari za kibao!" Meneja alisukuma kikokotoo. "Nimekuamini, mzee. Wageni wakija nilikuwa nawaleta chumbani kwako wakuone."

"Ndiyo."

"Mabati hayo sasa nani anayarudisha?"

"Hayarudi. Nilitia sahihi."

Watu husema ukiungama unajisikia mwepesi. Milimita hakujisikia mwepesi hata kidogo. Alijisikia amechoka, na sasa alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwambia akae. Hukumu haikuchukua dakika tano: binti arudi kazini Jumatatu, baba aondoke leo, koti na funguo aache.

Getini mlinzi, ambaye wamesalimiana kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu, alimwomba afungue mfuko. Aliomba huku anatazama barabarani.

"Hii?"

"Mikromita. Ni yangu."

"Una risiti?"

"Ya miaka kumi na tisa?"

"Ndugu yangu, nimepigiwa simu, wamesema chochote cha kupimia kibaki. Usinitie matatani, nami nina watoto."

Milimita aliitoa kwenye kasha lake, akaifuta midomo, akairudisha kwenye kasha, akampa.

* * *

Jumamosi na Jumapili nyumba ilikuwa na heshima nyingi kupita kiasi. Binti alimwamkia baba yake, akamwekea maji ya kuoga, akampisha njiani, na hawakuongea. Mama aliwaacha. Jumatatu, binti alipokwenda kazini, alimwekea mumewe sindano na rundo la mashati.

Saa kumi alichungulia kazi yake. "Milimita, vifungo vya mtoto wa darasa la pili hivyo. Nani ataenda kuvipimia nafasi?"

"Atakayevifunga."

"Mashati kumi kwa siku nzima! Tutakula nini, usahihi?" Lakini hakuyafumua.

Binti aliingia saa kumi na mbili kasoro, amechelewa. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akanyoosha miguu.

"Hawakunirudisha kwenye presi," alisema. "Wameniweka chumba cha vipimo. Meneja anasema hakuna mwingine anayejua hata kuiwasha ile mashine, nami nilikuwa nakuja pale nikiwa mdogo kukuletea chakula. Ni kwa muda tu. Mshahara ule ule wa presi."

Hakuna aliyempongeza. Alikuwa anaongea na baba yake kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na wote watatu walikuwa wanalikanyaga jambo hilo polepole.

"Kuna shehena imeingia?" aliuliza Milimita.

"Imeingia. Lori liko nje linasubiri. Meneja kaja mwenyewe, kasema kwa leo vipande viwili vinatosha, cha tatu tutaona kibao kikija."

"Kibao kinakuja?"

"Kasema nivumilie."

Mama alisimamisha cherehani. Milimita aliweka shati magotini.

"Ukafanyaje?"

Binti aligeuza viganja. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na malengelenge manne, mawili yamepasuka. "Msimamizi kachungulia mara saba. Mara ya saba kanitukana."

Baba yake alimshika mkono ule akautazama kwa muda, kwa karibu, kama alivyokuwa akitazama kila kitu. Alikuwa na mengi ya kumwambia: kwamba atachoka, kwamba uchovu hauji siku moja, kwamba hata yeye alikata kwa msumeno mwanzoni. Aliuliza jambo jingine.

"Ulipimia nini?"

Binti alisita. "Ile yako. Niliikuta mezani. Wameipaka rangi nyekundu ubavuni, wameiandika namba ya kiwanda."

Milimita aliitikia kwa kichwa. Aliitikia mara kadhaa, taratibu.

"Bado inarudi sifuri?"

"Niliifuta midomo kwa karatasi, nikaifunga polepole kama unavyofanya," alisema binti. "Inarudi, Baba."

Milimita alimwachia mkono akaokota sindano, akaanza kutafuta tundu la uzi. Alitafuta sana. Mwishowe mkewe aliinuka kwenye cherehani, akamnyang'anya, akaupitisha uzi mwenyewe, akamrudishia.